Shajara ya mradi: Duka la kona ya State na Washington

Januari, mwanzoni

Mradi wenyewe ni huu: kuandika kwa Kiswahili historia ya Marshall Field's, duka kubwa la katikati ya jiji la Chicago, tangu lilipokuwa duka la vitambaa hadi lilipopokonywa jina. Sura saba fupi, na mchoro mmoja wa jengo unaoonyesha kipande kipi kilijengwa lini. Shajara hii ni ya mwenendo wa kazi tu: nimefika wapi, nimekata nini, ninabishana na nini.

Swali linalonisukuma ni moja. Tarehe 9 Septemba 2006 milango ilifunguliwa kama kawaida. Jengo lilelile, saa zilezile za kona, kaunta za manukato palepale. Kilichobadilika ni jina: kuanzia siku hiyo liliitwa Macy's, jina la duka kubwa la New York. Watu wakakusanyika chini ya saa na mabango yao, wamefura kama walioibiwa. Wengi wao hawakumiliki hisa hata moja ya kampuni. Sasa walichoibiwa ni nini hasa? Sura zote saba zinaelekea kwenye swali hilo, hata pale zitakapoonekana kuzungumzia marumaru na pai za kuku.

Sura ya kwanza naianza kwa Potter Palmer, si kwa Marshall Field. Palmer alifungua duka lake la vitambaa Mtaa wa Lake mwaka 1852, wakati Chicago bado ni mji wa matope na njia za mbao. Alimruhusu mteja achukue kitu nyumbani akakitazame, na asipokipenda akirudishe. Leo hilo halimshangazi mtu. Kwa mfanyabiashara wa wakati ule lilikuwa jambo la kumkosesha usingizi, maana mali ikishatoka dukani imetoka. Palmer aliona kwamba mwanamke akishaamini kuwa hatadanganywa, atarudi, tena ataleta dada zake. Kwa hiyo msingi wa duka hili uliwekwa na mtu ambaye jina lake halikubaki mlangoni. Nataka msomaji alijue hilo mapema, kwa sababu mambo ya majina yatatusumbua mbele.

Januari, katikati

Sura ya kwanza imekamilika kwa rasimu. Field mwenyewe anaingia ukurasa wa tatu: mzaliwa wa Conway, Massachusetts, 1834, kijana mkimya aliyefika Chicago 1856 na kuajiriwa karani. Mwaka 1865 yeye na Levi Leiter waliingia ubia na Palmer. Palmer alikuwa amechoka kiafya, na miaka miwili baadaye akatoka kabisa. Kampuni ikabaki Field, Leiter & Co.

Palmer hakwenda kulala. Alinunua ardhi kandokando ya Mtaa wa State, akashawishi mtaa upanuliwe, akajenga jumba la marumaru kwenye kona ya Washington, kisha akawapangisha wabia wake wa zamani kwa dola 50,000 kwa mwaka. Walihamia Oktoba 1868. Hapo ndipo kitovu cha biashara ya jiji kilipong'olewa Mtaa wa Lake na kupandwa State. Mara nyingi tunasema duka lilifuata wateja. Hapa mwenye ardhi alilivuta duka, duka likawavuta wateja, na bei ya viwanja ikapanda nyuma yao wote. Palmer alijua anachofanya.

Januari, mwishoni

Sura ya mioto. Nilipanga iwe fupi, imekataa.

Moto mkubwa wa Chicago ulianza usiku wa tarehe 8 Oktoba 1871. Watu wapatao 300 walikufa, na takriban 100,000 wakabaki bila makazi. Jumba la marumaru liliteketea. Lakini kabla moto haujafika, wafanyakazi walikuwa wamebeba shehena kubwa ya mali kwa mikokoteni kuelekea ufukwe wa ziwa. Wiki chache baadaye kampuni ikawa inauza tena, safari hii ndani ya banda la farasi wa tramu kwenye kona ya State na Mtaa wa 20. Hariri na lesi kwenye banda la farasi! Hapo sikuongeza neno.

Mwaka 1873 walirudi kwenye kona yao, wapangaji katika jengo la kampuni ya cherehani ya Singer. Mwaka huohuo mgogoro wa fedha uliangusha biashara nyingi Marekani. Field alisimama kwa sababu ya tabia yake ambayo wenzake waliiona ya ubahili: alinunua kwa fedha taslimu na hakupenda kumkopesha mtu kwa muda mrefu. Kisha 1877 jengo la Singer nalo likaungua. Singer wakajenga upya, 1879, na safari hii mpinzani, Carson Pirie, akawahi kupanga. Field na Leiter waliona kona ikiwaponyoka. Wakanunua jengo lote kwa dola 700,000, na wakamlipa mpinzani juu ya hapo ili aondoke.

Nimelipatia tukio hilo nafasi kubwa kuliko moto wenyewe. Mara mbili waliunguzwa pale na bado walilipa fedha ya kutisha ili warudi palepale. Kufikia 1879 walikuwa wamekwisha kujua kwamba mali yao kubwa si vitambaa. Ni kona. Miaka miwili baadaye Field akamnunua Leiter, na 1881 jina likawa Marshall Field & Company.

Februari

Nimehama kutoka kuandika kwenda kuchora. Mtu akisimama nje leo huona jengo moja kubwa la kijivu linalojaza kitalu kizima, kati ya State, Washington, Wabash na Randolph. Ukweli ni majengo kadhaa yaliyoshonwa pamoja. Nimeyapa rangi kwa mwaka:

Kona ya Wabash na Washington, ghorofa 9, ndiyo kongwe. Ilijengwa kwa ajili ya mwaka wa Maonyesho ya Dunia ya 1893, na mchoraji wake ni Charles Atwood wa ofisi ya Daniel Burnham. Upande wa kaskazini wa State ni wa 1902. Katikati ya Wabash ni 1906. Upande wa kusini wa State ni 1907, na ulikalia mahali pa lile jengo la Singer lililonunuliwa kwa ghali. Kona ya Wabash na Randolph ilikamilishwa 1914, mwaka uleule lilipofunguliwa duka la wanaume ng'ambo ya Mtaa wa Washington.

Uzuri wa kupaka rangi ni kwamba unaona kilichofanyika bila kuambiwa: duka halikufungwa hata msimu mmoja. Lilikuwa linajengwa upande huku upande mwingine unauza, kwa zaidi ya miaka 20. Katikati ya kitalu palikuwa na kichochoro, Holden Court, na baadaye sana, katika ukarabati mkubwa wa miaka ya mwisho ya 1980, kichochoro hicho kikageuzwa kuwa uwazi wa ndani wenye paa la kioo. Yaani hata ushoroba wa takataka uliishia kuwa mahali pa kupiga picha.

Field hakuliona jengo likikamilika. Alikufa kwa nimonia Januari 1906, wiki chache baada ya kumzika mwanawe, Marshall Field mdogo. Aliyeshika usukani ni John G. Shedd, ambaye aliingia kazini 1872 kama karani wa bohari. Chicago leo inamjua Shedd kwa jumba la samaki linalobeba jina lake. Field naye anajulikana na watoto wa shule kwa jumba la makumbusho. Mtu anaweza kuzunguka ukingo wa ziwa siku nzima akisoma majina ya wauza vitambaa.

Mstari mmoja wa mchoro bado unanisumbua: niweke ghorofa za chini ya ardhi au la? Nimeamua niziweke. Chini kule ndiko ilikoanzishwa, 1885, idara ya bidhaa za bei nafuu, na bila hiyo picha ya wateja inakuwa ya matajiri peke yao.

Februari, mwishoni

Sura ya tatu inahusu jumla. Wahariri wangu wawili wa hiari (dada yangu na rafiki yake mhasibu) wananishauri niikate. Dada anasema inachosha. Mhasibu alisema inachosha lakini ndiyo ya kweli. Nimemfuata mhasibu.

Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya mapato ya Marshall Field & Company haikutoka kwenye lile duka zuri. Ilitoka kwenye biashara ya jumla: kuwauzia wenye maduka madogo wa miji ya bara, waliokuja Chicago kwa treni au kutembelewa na mawakala wa kampuni. Jengo la jumla lilichorwa na H. H. Richardson na kufunguliwa 1887, mlima wa mawe uliochukua kitalu kizima upande wa magharibi. Wasanifu majengo bado wanalitaja kama mojawapo ya kazi kubwa za karne yake. Lilibomolewa 1930, pakawa maegesho ya magari.

Mwaka huohuo wa 1930 kampuni ilifungua Merchandise Mart kando ya mto, jengo kubwa kupita kiasi, likitarajiwa kufufua jumla. Muda ulikuwa mbaya: mdororo ulikuwa umekwisha kubisha hodi, na wenye maduka ya vijijini walikuwa wamepata magari na katalogi, hawamhitaji tena mtu wa kati. Mwaka 1935 bodi ilimkabidhi uenyekiti James O. McKinsey, profesa wa uhasibu aliyeanzisha ile kampuni ya ushauri inayobeba jina lake mpaka leo. Yeye aliifyeka jumla bila huruma, na watu wengi wakapoteza kazi. Alifariki 1937 akiwa bado kwenye kiti. Merchandise Mart ikauzwa kwa Joseph P. Kennedy katikati ya miaka ya 1940.

Kwa nini sura hii ibaki? Kwa sababu watu wa Chicago hawakuwahi kuililia jumla. Biashara iliyolisha kampuni kwa miaka zaidi ya 60 ilikufa, jengo lake likawa lami, na hakuna aliyeshika bango. Mapenzi ya jiji yalikuwa kwa upande mwingine wa kampuni, ule ambao Field mwenyewe kwa muda mrefu aliuona kama kitu cha pili.

Machi

Ninafurahia sura ya nne kuliko zote, na nina wasiwasi nayo kwa sababu hiyohiyo.

Harry Gordon Selfridge aliingia kazini 1879 akiwa kijana wa bohari na akapanda mpaka kuwa mbia. Field alikuwa mtu wa kunong'ona, Selfridge mtu wa kukimbia. Yeye ndiye aliyeteremsha bidhaa kutoka rafu za juu nyuma ya muuzaji na kuziweka mezani, mteja azishike. Yeye ndiye aliyesukuma matangazo, bei nafuu za chini ya ardhi, na chumba cha chai. Aliondoka 1904, na 1909 akafungua Selfridges mjini London, akiwafundisha Waingereza aliyojifunza kona ya State na Washington.

Chumba cha chai kinastahili kurasa zake. Inasimuliwa kwamba muuzaji mmoja wa idara ya kofia, Bi. Hering, aliwapa wateja waliokuwa na njaa pai ya kuku aliyojiletea kwa chakula chake cha mchana, nao wakaipenda mno. Mwaka 1890 chumba kikafunguliwa, na meza 15. Pai ile haijawahi kutoka kwenye orodha ya vyakula.

Simulizi hiyo ni tamu na kila mtu huirudia. Mimi nimeizungushia jambo lingine. Mwanamke wa heshima aliyekwenda katikati ya jiji miaka ya 1880 bila mwanamume hakuwa na mahali pa kula pasipo kutazamwa vibaya. Mikahawa mingi ilikuwa ya wanaume, mingine ikichanganyikana na pombe. Kwa hiyo ilipofika saa sita mchana alirudi nyumbani, na pochi yake akarudi nayo. Chumba cha chai kilitatua shida ya mwanamke na shida ya duka kwa pigo moja. Lilipofunguliwa jengo la 1902 zikaongezwa sehemu za kusoma, za kuandikia barua na za kupumzika. Duka likawa mojawapo ya mahali pachache katikati ya jiji ambapo mwanamke angeweza kukaa kutwa nzima bila kuulizwa anamsubiri nani.

Hapa naanza kuona jibu la swali la Januari. Kampuni ilitaka mauzo, na ili kuyapata ililazimika kutoa kitu ambacho jiji lenyewe halikuwa limetoa: nafasi. Mama alimleta binti, binti akaja akamleta wake. Mti wa Krismasi ukaanza kusimamishwa kwenye ukumbi wa chakula 1907, na familia zikawa zinapanga foleni kila mwaka kula chini yake. Madirisha ya mtaani, chini ya mpambaji Arthur Fraser, yakageuka jukwaa ambalo maskini na tajiri walilitazama wakiwa upande mmoja wa kioo. Ukitazama dirishani hulipi kitu.

Kauli maarufu ya Field, kwamba bibi apewe anachotaka, nimeiweka kama inavyosimuliwa: alimkuta karani anabishana na mteja akamkata kauli. Nusu ya maduka ya Marekani yana hadithi ya namna hiyo. Haijalishi. Karani aliyeisikia mara mia ilimbana, hata kama haikusemwa vile.

Machi, baadaye

Sura ya tano. Wafanyakazi. Baada ya utamu wa chai, hii inakata.

Field alikuwa adui wa vyama vya wafanyakazi, waziwazi. Baada ya bomu la Haymarket la Mei 1886, lililorushwa kwa polisi kwenye mkutano wa wafanyakazi mjini Chicago, wanaume wanane walihukumiwa, saba kati yao kifo, kwa ushahidi ambao hata wakati ule uliwatia wengi shaka. Mwaka 1887 baadhi ya matajiri wa Chicago walikutana kujadili kama waombe adhabu ipunguzwe. Field alipinga, na mkutano ukafa. Wanne walinyongwa Novemba. Gavana John Peter Altgeld alipowasamehe waliobaki gerezani, 1893, aliandika kwamba kesi haikuwa ya haki.

Tarehe hizi nimezipanga makusudi karibu na za chumba cha chai. Kati ya kitanzi na pai ya kuku ni miaka mitatu, na uamuzi ni wa watu walewale. Wasichana waliopanga lesi mezani kwa upole walifundishwa kusema, kuvaa na kusimama kama mabibi waliowahudumia, kwa mishahara ambayo isingewawezesha kununua walichouza. Na kwa miongo mingi wauzaji hao walikuwa Wazungu peke yao. Chicago ilijaa Wamarekani Weusi waliohama kutoka Kusini kuanzia wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini kaunta hazikuwafungulia nafasi ya kuuza. Anayesema duka lilikuwa la jiji zima aongeze hapo neno moja la tahadhari. Mimi nimeliongeza.

Dada ameisoma akasema sura ya nne na ya tano zinagombana. Vizuri.

Aprili

Wiki za kazi nyepesi. Nimechora saa mbili za kona na kuba.

Saa ya kwanza ilitundikwa kona ya State na Washington Novemba 1897, ya pili baadaye kona ya Randolph. Za shaba, kila moja karibu tani 8. Inasemwa Field aliitaka kwa sababu watu walikuwa wanapachika karatasi kwenye madirisha ya kona kuachiana ujumbe. "Tukutane chini ya saa" ikawa maneno ya kila Mchicago. Mwaka 1945 Norman Rockwell alimchora fundi juu ya ngazi akiipatanisha saa hiyo kubwa na saa ndogo ya mfukoni mwake. Mzaha mtulivu: jiji zima linaiangalia saa ya duka, na saa ya duka inaangalia mfuko wa fundi.

Kuba la Louis Comfort Tiffany ni la 1907, upande wa kusini, juu ya uwazi wa ghorofa tano: vipande vya kioo milioni 1.6 vilivyopangwa kwa mkono. Nimejaribu kulichora kwa nukta nikaacha. Kwenye mchoro litakuwa duara la buluu na dhahabu, msomaji atafute picha.

Mei

Frango. Sikujua chokoleti ingenibadilishia muundo wa kitabu.

Kwa Mchicago, kisanduku cha Frango za mnanaa ni kama kitambulisho. Zilipikwa kwenye ghorofa ya 13 ya jengo la State, na ilipotangazwa 1999 kwamba uzalishaji unahamia kiwanda cha Pennsylvania, hata meya aliingilia. Ila Frango si ya Chicago. Ilizaliwa Seattle, kwenye duka la Frederick & Nelson, ambako jina lake lilisajiliwa 1918. Marshall Field & Company ililinunua duka la Seattle 1929, na mapishi yakasafiri mashariki. Frederick & Nelson lilibaki na jina lake chini ya wamiliki hao wa Chicago, likauzwa tena miaka ya 1980, likafungwa kabisa 1992. Wazee wa Seattle bado wanasema Frango ni yao.

Baada ya hapo nikaanza kuitazama orodha ya wamiliki kwa jicho lingine. Nimeiandika ukutani kwa karatasi:

Mwaka 1982 bodi ya Field's, ikimkimbia mwekezaji Carl Icahn aliyekuwa akinunua hisa zake kwa pupa, ilijitupa mikononi mwa BATUS, tawi la Marekani la kampuni ya tumbaku ya Uingereza. Mwaka 1990 BATUS wakaliuza kwa Dayton Hudson ya Minneapolis kwa zaidi ya dola bilioni 1. Dayton Hudson ilijiita Target Corporation mwaka 2000. Mwaka 2004 Target wakaliuza kwa May, kampuni nyingine ya maduka makubwa, kwa dola bilioni 3.24, pamoja na majengo machache ya maduka mengine. Mwaka 2005 Federated, wenye Macy's, wakaimeza May kwa takriban dola bilioni 11. Septemba 2005 tangazo, Septemba 2006 jina likaondoka.

Kila asimuliaye habari hii huanzia 1982 na kuruka hadi 2006. Katikati pana 2001.

Mei, mwishoni

Sura ya sita imeandikwa kwa kishindo. Mwaka 2001 Target walikuwa na maduka makubwa ya majina matatu: Dayton's, la Minneapolis, lililoanzishwa 1902 na George Dayton, babu wa kampuni yenyewe, Hudson's, la Detroit, lililoanzishwa 1881 na Joseph Lowthian Hudson, na Marshall Field's. Wakapima ni jina lipi linajulikana mbali zaidi, wakachagua la Chicago. Dayton's na Hudson's yakawa Marshall Field's kwa kalamu moja.

Detroit walikuwa wamekwisha kuumia. Jengo la Hudson's la Woodward Avenue, refu kupita duka lolote la aina yake, lilifunga Januari 1983 na likaangushwa kwa baruti tarehe 24 Oktoba 1998 huku umati ukitazama. Kilichobaki kilikuwa jina kwenye maduka ya pembeni ya jiji. Miaka mitatu baadaye nalo likaenda, na lililochukua nafasi yake ni Marshall Field's. Hoja iliyotolewa ilikuwa ileile iliyotolewa Chicago baadaye: jina moja, tangazo moja, gharama moja. Ukilipia tangazo la televisheni nchi nzima, hutaki kulirudia kwa majina kumi.

Mwosha huoshwa. Miaka mitano tu ilipita kabla jina lililofuta wenzake halijafutwa.

Simaanishi kwamba waandamanaji wa 2006 walikuwa wanafiki. Walioamua mambo ya 2001 walikaa Minneapolis, si chini ya saa ya State, na hao wa Minneapolis walilifuta hata jina la babu yao wenyewe. Ninachosema ni kwamba kidonda cha Chicago hakikuwa cha Chicago peke yake. Kila jiji lilidhani limeibiwa kitu cha kipekee, na kila moja lilikuwa na ukumbi wake wa chai, dirisha lake la Krismasi, mahali pake pa kukutana. Na kila jiji liliibiwa kwa njia ileile: kile ambacho vizazi vya wateja walikijaza maana, kisheria kilikuwa jina la biashara tu, kitu cha kuuzwa pamoja na viti na rafu.

Mhasibu alinikumbusha jambo zuri. Jengo lilitambuliwa kama urithi wa taifa 1978, na jiji likaliwekea ulinzi wake Novemba 2005, kati ya tangazo na utekelezaji. Kwa hiyo saa zimelindwa, kuba limelindwa, hata vibao vya shaba vyenye maneno "Marshall Field and Company" pembezoni mwa jengo vimelindwa, kwa kuwa ni sehemu ya ukuta. Sheria ya urithi hulinda jina likiwa shaba. Likiwa juu ya mfuko wa karatasi wa kijani wa duka, haliihusu.

Juni

Mpangilio mpya, wa mwisho. Sura ya saba haianzii tena Chicago 2006. Inaanzia Detroit 1998, vumbi la Hudson's, inapita Seattle 1992, Minneapolis 2001, ndipo inafika chini ya saa. Msomaji atafika kwenye mabango ya Chicago akiwa ameshaona mabango ambayo hayakushikwa kwingine. Dada anadhani ni ukatili kwa Wachicago. Mhasibu anataka jedwali. Jedwali atalipata mwishoni, dogo.

Kwenye mchoro pamebaki jambo moja. Mwaka 2018 Macy's waliziuza ghorofa za juu, ya 8 hadi ya 14, kwa wawekezaji waliopanga kuzigeuza ofisi. Duka sasa linaishi nusu ya chini ya jengo. Nilitafuta rangi ya kipindi hicho. Nimechagua kijivu chepesi na kuandika mwaka pembeni, bila maelezo. Ghorofa ya 13, jiko la Frango, imo ndani ya kijivu hicho.

Sura za kwanza hadi nne ziko kwa msomaji wa mwisho. Ya tano inasubiri aya mbili kuhusu mishahara ya wauzaji. Ya saba ninaiandika wiki hii, kuanzia Woodward Avenue.